Waya wa Breki

Nilishaota ndevu bado naamini nyuzi za gitaa hutoka kwenye breki za baiskeli. Siku nilipoonyeshwa nyuzi mpya dukani, zimefungwa kwenye karatasi, nilimcheka muuzaji.

Lawama ni za baba. Juzi nilikuwa napaka grisi bawaba za mlango, maana zilikuwa zinalia, na harufu ile ikanirudisha kwake. Alikuwa fundi baiskeli pale Lipangalala, na mpiga gitaa wa bendi yetu. Mpiga tumba alikuwa mvuvi. Mwimbaji tulimwazima kwenye kwaya ya kanisani, na alifumba macho hata kwenye nyimbo za mapenzi.

Mchana mmoja tulikuwa harusini Katindiuka. Bibi harusi ndiyo kwanza anaingia akicheza, uzi wa gitaa ukakatika. Bendi nzima ikanyamaza. Mama yake akafoka, "Mwanangu aingie kimya kama anakwenda kuchomwa sindano?"

Baba alikwenda kwenye baiskeli zilizoegemezwa ukutani, akachomoa waya wa breki, akanyofoa uzi wake mmoja na kuufunga kwenye gitaa. Bibi harusi akaanza upya kutoka mlangoni, na safari hii vumbi lilitimka.

Alasiri jirani yetu, aliyecheza kuliko wote, akapanda baiskeli yake kurudi nyumbani. Tulimkuta mbele, ndani ya jaruba la mpunga, ana matope mpaka kwenye nyusi.

"Pole, kaka," baba akasema, "uzi ulikatika."

Jirani akatema tope. "Siku nyingine chukua kengele. Breki mimi naitumia."