Miezi Johari Alipoikimbia Sindano

Johari wa Mtopanga, kule Kisauni, hushona mabuibui sebuleni kwake, na wateja humjia mpaka kutoka Bamburi. Wengi wao hawajui kwamba kila mwezi yeye hudungwa sindano ya penisilini. Utotoni aliugua koo, nalo likaachwa lipone lenyewe. Baadaye magoti yakavimba, na mwisho daktari akasema ugonjwa ule umeuachia moyo wake kovu. Sindano ilikuwa ya kumkinga, koo lisishambuliwe tena na kovu lisizidi.

Mwaka jana mtaani pakavuma kwamba mwanamke mmoja wa Likoni alidungwa sindano kama hiyo, akaanguka, asiinuke. Hakuna aliyemjua jina. Siku ya Johari ilipowadia, alifika mlangoni mwa zahanati, akageuka. Nyumbani akamwambia mumewe, Mahfudh, kwamba ameshadungwa. Mwezi uliofuata, vivyo hivyo.

Kisha koo likaanza kuuma. Johari akasukutua maji ya chumvi, akatafuna tangawizi. Kila moyo ulipodunda kwa nguvu, alisimamisha cherehani asikilize. Asubuhi moja mate yakakataa kupita, na mwili ukachemka.

"Wanificha nini?" Mahfudh akauliza.

Johari akalia, akasema yote.

"Twende sasa hivi."

"Na nikianguka?"

"Nitakuwa papo hapo. Lakini kukutazama hivi siwezi, wallahi."

Kule zahanati, muuguzi wao, Sista Wairimu, alimulika koo kwa tochi, akakunja uso. Johari akamweleza habari za yule mwanamke.

"Hata mimi naogopa, dada," Wairimu akasema. "Ndiyo maana daktari atausikiliza moyo wako kwanza, kisha nitakudunga ukiwa umelala. Na huondoki hapa mpaka niridhike. Dawa hii imewahi kukuwasha mwili, au kukuvimbisha uso?"

"La, hata mara moja."

Daktari alisikiliza kwa muda mrefu, akaruhusu. Dawa ile ni nzito, nyeupe kama maziwa, na huingia polepole ikiuma mpaka gotini. Mahfudh alimshika mkono, macho hayabanduki midomoni mwake.

"Kichwa chanizunguka," Johari akanong'ona.

Mahfudh akaruka. "Sista!"

Wairimu akashika mshipa wa mkono, akapima presha, akangoja, akapima tena. "Moyo unaenda vizuri. Umekula nini leo?"

"Hakuna kilichopita kooni."

Akaletewa chai ya vuguvugu, akainywa kwa vijiko. Kizunguzungu kikapungua.

Koo lilipona. Lakini picha ya moyo, iliyopigwa baadaye, ilionyesha kovu limeongezeka kidogo, na daktari hakuweza kusema kama ni kwa sababu ya miezi ile aliyoruka. Swali hilo Johari analo bado. Sasa Mahfudh hufunga duka lake siku hiyo kila mwezi wakaenda pamoja. Johari hula kwanza, hulala kitandani, hufumba macho. Hofu haijamtoka, ila siku yake haijampita tena.