Michikichi ya Papa

Mimi niliyejijenga bila diploma, hakuna kitu cha kunishangaza. Lakini juzi niliona rangi nyekundu kwenye michikichi yangu, alama ya miti ya kukatwa barabara mpya ipite, nikasikia tena shoka la Papa, baba yangu. Mchana ule wa utoto wangu alikata michikichi yake yote mwenyewe, ili barabara ya wazungu wa mradi ipite.

"Kamiyo zitabeba mawese yako mpaka Nyunzu, Papa!" mukalimani wao alisema.

Nilicheza juu ya magogo, nikilamba maji yake matamu. Kamiyo haikuja, hata lori moja. Papa alikuwa anaketi kwenye kisiki mpaka giza, nilizani anaingojea. Kumbe aliogopa kurudi kwa Mama bila mchikichi hata mmoja.

Juzi enjenieri wa barabara mpya alinicheka: "Barabara inaweza kupinda, patron, ukiipatia sababu."

Nikaipatia, mfukoni mwake: dola mia tatu makumi mbili.