Walisema gari irudishwe bila malipo, mimi nikaifunika na mabua

Wakuu, salamu kutoka Mitaboni.

Naanza na ujinga wangu kabla mtu mwingine hajauanza. Niliwahi kuficha pikapu chini ya mabua ya mahindi kwa sababu ya maneno mawili ya redio. Siongezi chumvi. Shahidi wangu ni jirani, Mama Mutheu, na huyo hajawahi kunipendelea.

Ilikuwa miaka ya tisini. Pikapu ilikuwa second hand lakini ya heshima. Kuendesha, sikuendesha sana, mimi ni mtu wa boma. Baada ya chai naingia ndani, nateremsha kioo, nasikiliza njiwa, nasinzia, na kwa akili nimefika Mombasa na kurudi.

Bibi yangu aliiita sitting room ya magurudumu.

Asubuhi moja redio ikataja gari aina ya yangu. Betri zilikuwa zimechoka, hata kuanikwa juani hazikusaidia. Sauti ilikuja ikipotea, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Nikashika tu: "...warudishe magari... bila malipo."

Form Four yangu ikafanya kazi haraka. Wanataka gari yangu, na hawanilipi!

Nikaisukuma nyuma ya zizi, nikaifunika mpaka side mirror. Halafu nikaingia ndani. Mwanga ulipenya vipande vipande, rangi ya asali, vumbi likielea polepole. Sijawahi kulala vizuri hivyo. Shida ni kwamba ng'ombe alikuwa anakula paa.

Siku zikapita. Mama Mutheu akaja na trei za mayai ya kupeleka soko ya Machakos.

"Baba Mwende, toa hiyo gari unipeleke."

"Gari gani?"

"Hiyo ng'ombe yako amefunua."

Tukaenda. Kwa ule mteremko mrefu kulikuwa na ukungu, miti imesimama kama watu wanaongoja habari. Nikakanyaga brake. Mguu ukazama mpaka chini, laini, kama umeingia matope.

"Mbona hatupunguzi?"

"Tunapunguza."

"Aiya! Mimi niko na macho, Baba Mwende!"

Kisha sauti zote zikaisha. Nilihisi tunaelea. Nikaona mayai yakitetemeka kwa mapaja yake, nikafikiria tu vile yai ni kitu kizuri. Halafu nikakumbuka Mutheu, msichana wake wa pekee, ako nyumbani anamngoja. Nikaingiza second gear, injini ikalia, nikakata kona kwa shamba la mbaazi. Mbaazi zikatupokea. Tukagonga tuta, tukasimama.

Kiini cha yai kilikuwa kinashuka kwa windscreen, polepole, kama jua linalotua.

Fundi wa Machakos alitoka chini ya gari na paipu iliyopasuka. "Mzee, hii si ile walisema mrudishe wabadilishe paipu ya brake? Bila malipo."

Bila mimi kulipa, wakuu. Mimi!

Nikaenda showroom Nairobi. Meneja akasema sikununua kwao, na tena walitangaza. Nikamuuliza kama walisema brake inaua, ama walisema tu mrudishe. Akaangalia dari. Nikakaa kwa kiti chao cha ngozi. Kukaa ndiyo kipaji changu, hapo walikuwa wamepatana na bingwa. Wakileta chai, nakunywa. Wakinyamaza, nasinzia. Mwishowe wakakubali kunibadilishia paipu, na kutuma mtu siku ya soko Mitaboni atangaze kwa Kikamba, akitaja brake.

Siku hiyo nikajua sikuwa peke yangu. Jamaa mmoja wa Kyumbi alikuwa amejengea yake ukuta.

Funzo langu: recall, yaani kampuni kuita gari zirudi zirekebishwe, si wizi. Lakini kampuni isiachiwe kunong'ona mara moja kwa redio kisha ikasema imemaliza kazi. Sheria iwalazimishe kumtafuta kila mwenye gari, hata wa mkono wa tatu, waseme wazi ni nini kitakuua. Nyinyi mnaonaje? Kuna mwenye alipata shida kama hii? Nichekeni kwanza, halafu mjibu.

Mama Mutheu nimemsomea huu uzi wote. Alikuwa anachambua mbaazi, hakuinua kichwa:

"Gari uliificha isichukuliwe. Mimi ukanibeba nichukuliwe."