Mkono wa Regin Uliokataa

Wazee wa kijijini kwetu walimsifu Regin kwa wepesi wa mkono. Kundi la nyangumi likishasukumwa na mashua hadi ufuoni, yeye huingia majini mpaka kifuani, akachoma mkuki mara moja, na mnyama ametulia. Hapa katika Visiwa vya Faroe hiyo si sifa ndogo. Asiye na mkono mwepesi humtesa mnyama bure, na watu humkumbuka kwa hilo mpaka kaburini.

Aliiacha kazi hiyo akiwa na miaka arobaini na saba, mwezi wa Julai, mbele yetu sote.

Nilikuwepo. Mimi ndiye mwenye duka la kijiji, na siku hiyo nilikuwa nimelifunga nikashika kamba ya kuvutia nyangumi na wenzangu. Mbele ya Regin alikuwapo jike mmoja na mtoto aliyejibana ubavuni mwake. Regin alisimama tu, mkuki mkononi. Tummas, kaka wa mkewe na nahodha wa mashua yetu, akampigia kelele:

"Shemeji! Unangoja nini, mchungaji aje awafungishe ndoa?"

Watu wakacheka. Regin akageuka, akamkabidhi ule mkuki, akatoka majini. Alipita katikati yetu nguo zikimtiririka, akashika njia ya kwenda kwake.

Jumapili, baada ya kanisa, Tummas alimkalisha kwenye kahawa.

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa nini?"

"Siwezi tena."

"Huwezi, au hutaki?"

Regin alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka. "Hata mimi sijui, shemeji. Mkono ulikataa."

"Na Oktoba? Hutachinja kondoo?"

"Kondoo nitachinja."

"Sasa hapo pana akili gani?"

"Hapana," alisema Regin. "Hapana akili yoyote."

Angesingizia ugonjwa yangekwisha siku ileile. Marjun, mkewe, alimsihi: "Waambie ni mgongo. Nani hapa hana mgongo?" Naye akamjibu kwamba mgongo wake ni mzima.

Wiki mbili baadaye ikaja meli ya wageni waliotaka tuache kuwinda. Walitupiga picha tukianua nguo, wakatuita wauaji mbele ya watoto wetu. Kijiji kizima kilinuna. Wawili kati yao walisikia habari za Regin, wakapanda hadi mlangoni kwake. Waliokuwa chini barabarani wakawaona wakigonga, na kabla ya chakula cha jioni habari ilikuwa imeshaenea kwamba Regin ametuuza.

Mimi nilijua kuwa ni uongo. Mmoja wa wageni wale alikuja dukani kununua mkate, amefura kwa hasira. Akaniambia, "Yule bwana katufukuza! Kasema yeye si wetu, na hao tunaowaita wauaji ni ndugu zake. Halafu eti tushuke taratibu, ngazi inateleza."

Nilimrudishia chenji. Jioni ile ile wanaume watatu walisimama mbele ya kaunta yangu wakimchambua Regin kama samaki, nami nikawa napanga makopo ya maziwa. Sikusema kitu. Duka langu linaishi kwa watu wale, ndivyo nilivyojiambia.

Hapo ndipo kutengwa kulipoanza. Nafasi yake katika mashua ya mashindano ya makasia akapewa mtu mwingine, naye akaarifiwa kwa ujumbe wa simu. Mtu alipaka mafuta ya nyangumi kwenye kioo cha gari lake. Oktoba ilipofika, siku ya kuteremsha kondoo mlimani, kazi inayotaka watu kumi na watano, hakutokea hata mmoja. Yeye, Marjun na mbwa wao walihangaika siku tatu kwenye ukungu. Nyuma ya pazia la duka niliwaona wakirudi jioni, Marjun akichechemea.

Lakini kilichonikaa rohoni ni Februari, usiku wa ngoma. Kwetu ngoma ni duara la watu walioshikana mikono, wanakanyaga sakafu na kuimba masimulizi ya kale, beti mia na zaidi. Regin ndiye aliyekuwa akituongoza miaka yote, maana alizijua beti zote. Aliingia ukumbini amevaa sweta yake nzuri, akajaribu kuingia kwenye duara. Mikono ikashikana mbele yake. Akasogea pengine, ikashikana tena. Mara ya tatu alikuja kwangu. Nilitazama viatu vyangu, nikaukamata mkono wa jirani.

Akarudi ukutani. Akasimama pale, akaimba beti zote hadi ya mwisho, akikanyaga sakafu peke yake. Katikati ya wimbo Marjun, ambaye yeye hakunyimwa mkono, akajitoa kwenye duara akaenda kusimama naye.

Marjun ndiye aliyenisimulia baadaye walivyozungumza njiani wakirudi nyumbani.

"Tuhamie mjini Tórshavn, kwa dada yangu," alimwambia.

"Huko nitakuwa nani?"

"Mtu anayeitikiwa salamu."

"Nimechoka, Marjun. Lakini acha nichokee kwetu."

Mwaka ukazunguka. Oktoba iliyofuata, siku ya kuteremsha kondoo, nilifunga duka, nikapanda mlimani. Nilimkuta Regin ameketi juu ya jiwe, ndevu zimeshakuwa nyeupe, mbwa anahema miguuni pake.

Nikamwambia, "Wale wageni uliwafukuza. Nilijua tangu siku ileile."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

Akanyanyuka kwa kujisukuma na mikono yote miwili. "Kaa upande ule wa korongo," akasema. "Wasikuponyoke."

Kesho yake nilimweleza Tummas dukani, watu wakiwapo. Tummas aliweka kikapu chini.

"Mwaka mzima umekaa na neno hili?"

"Mwaka na zaidi."

"Wewe ni mshenzi," alisema. "Na yeye ni mjinga. Ila kumbe ni mjinga wetu."

Mchana alipanda mlimani na watu wanne.

Hakuna aliyemwomba Regin msamaha hadharani, mimi nikiwamo. Nafasi ya mashua haikurudi. Katika ngoma siku hizi hupata mkono wa kushika, lakini haongozi tena; anasema sauti imekwisha. Jumapili hunywa kahawa kwa Tummas, na wanaongelea bei ya mbolea na magoti yao. Ikipigwa mbiu kwamba nyangumi wameonekana, Tummas hukimbilia ufuoni, na Regin huchukua fimbo akaenda malisho ya juu, hata kama hana kazi huko. Hurudi giza likikaribia, amekaza midomo, na Marjun humwekea supu bila kumuuliza.

Wengi humsalimu, si wote. Mke wa yule aliyepewa nafasi mashuani bado huvuka barabara akimwona. Regin humwamkia vilevile, kwa jina lake, kisha huendelea na safari yake polepole.