Kadi Niliyoiondoa Mezani pa Mama Wambui

Wengi wenu nimewahi kuwakemea kwa kubeba maneno ya barabarani, kwa hiyo ni haki yenu kujua kwamba aibu kubwa kuliko zote maishani mwangu niliipata kwa kosa hilo hilo, nikiwa na tai shingoni na kalamu mfukoni, mbele ya soko zima.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Wakulima wadogo wa Kabiria, pembeni mwa jiji, walikuwa wameunda chama cha kuuza maua mjini, wakaniajiri niwe karani wao (ualimu nilikuwa nimeuacha, kwa sababu ambazo si za leo). Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni pa soko, katikati ya jiji, na kuwaelekeza wanunuzi kwenye meza za maua yaliyokuzwa na watu wetu, kwa kuwa maua ya shamba moja kubwa la wazungu huko Loresho yaliuzwa humo humo, na mgeni hangeweza kuyatofautisha. Meza ya mwanachama ilikuwa na kadi ya kijani yenye sahihi yangu. Kila Ijumaa nilipaswa kufika Kabiria, nilikague kila shamba kwa macho yangu, ndipo nitie sahihi.

Ijumaa hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, nami nilikuwa na viatu vipya. Sikwenda. Jioni muuza maziwa mmoja akaniambia kwamba Mama Wambui, mwanachama mtulivu kuliko wote, aliacha kulima zamani na sasa hununua maua Loresho akayauza kama yake. Nikamjibu kwamba mimi siamini ya kusikia. Lakini Jumamosi asubuhi, nikipita mezani pake, nikayaona mayungiyungi yake meupe yamefungwa kwa kamba ya katani yenye rangi nyekundu, kamba ya lile shamba kubwa (naijua vizuri), nikajiambia kwamba huu si uvumi tena, ni ushahidi. Nikaichukua kadi nikaitia mfukoni, na kwa sauti ile niliyoitumia darasani nikatangaza kwamba maua yale hayakutoka Kabiria.

“Karani,” Mama Wambui akasema bila kuinuka, “jana ulifika kwangu?”

“Kamba inatosha, mama.”

“Kwani ni kamba imeota hizo maua?”

Wauzaji wa jirani wakacheka. Hapo hapo mwanamke aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani akanigusa kiwiko.

“Baba, ni wewe unaonyesha watu maua ya hapa?”

Nikakubali. Akanivuta kando, akanieleza kwamba mumewe amefariki, na saa sita lori lingeondoka Kawangware kumpeleka kwao Kakamega.

“Amelimia wazungu maua miaka yake yote. Sitaki ya huko imlalie juu. Nataka ile imepandwa na mtu kama sisi, na iwe nyeupe.” Akanyoosha mkono kuelekea mayungiyungi. “Kama hizi.”

“Hizo ni za Loresho,” nikasema.

Akaurudisha mkono kama aliyeungua.

Meza nyingine hazikuwa na maua meupe. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo, lakini mimi (niliyekwisha kutangaza) niliahidi kumpeleka Kabiria mwenyewe. Shemeji yake alikuwa na pikapu, tukabanana watatu mbele, mimi nikieleza njia yote jinsi chama chetu kinavyohakikisha kila jambo. Shamba la kwanza lilikuwa na maua ya manjano tu, na mwenyewe akatuambia kwamba meupe yako kwa Mama Wambui peke yake.

Tukaenda kwa Mama Wambui. Mistari kwa mistari ya mayungiyungi, yote yamekatwa asubuhi hiyo, vikonyo bado vinatoa maji, halikubaki hata ua moja lililochanua. Kibarazani aliketi mumewe, akifungua mafundo ya kamba nyekundu.

“Hizi hutupwa huko Loresho ninakofanya kibarua,” akasema nilipouliza. “Mke wangu hufungia maua. Ameyabeba yote mjini, hamkuonana?”

Shemeji akanitazama kuanzia tai hadi matope. “Shemeji, si huyu ndiye alikukataza?”

“Ndiye.”

“Na amesoma.”

Tukarudi mjini mbio. Tulipofika, meza ilikuwa tupu na Mama Wambui anafagia majani. Nikaiweka kadi mezani, nikamwomba radhi kwa sauti ile ile niliyomwaibishia, soko zima likisikia, nikamweleza na msiba wa mjane.

“Mtu wa hoteli amechukua zote,” akasema. “Wengine walikuwa wananipita kama mwizi.” Kisha akamgeukia mjane. “Pole, mama. Ningejua ni ya mzee, ningekupa tu.”

Kadi hakuigusa, na mezani pale hakurudi tena.

Saa sita nilisimama Kawangware kando ya barabara. Jeneza lilipandishwa bila ua hata moja. Mjane alipokwisha kupanda akaniona. “Baba,” akasema, bila hasira, “ungefika tu.” Lori likaondoka.

Jumatatu niliacha kazi, na tangu hapo nimeapa kutosema neno juu ya mtu kabla sijafika kwake na kuona. Wala msinifariji kwamba yalikuwa maua tu. Mjane yule alijua alichokitaka, alikuwa amekwisha kukiona, na mimi ndiye niliyemrudisha mkono.