Fundi Aliyeniomba Penseli Kule Rejaf

Mke wangu ananikataza kusimulia kisa hiki, eti watu watasema jua la Juba lilinipanda kichwani. Nitakisimulia tu. Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na chupa yangu ilikuwa na maji matupu. Nisikilize kwanza, kisha ucheke ukitaka.

Kazi yangu ni kufuatilia ndege kuukuu za kijeshi: kila moja iliundwa wapi, jeshi gani liliimiliki, ikauzwa kwa nani, mpaka ikafika hapo ilipo. Kuna matajiri wenye mapenzi ya ajabu na vyuma hivyo, na hawanunui mpaka historia ikamilike bila tundu. Mimi ndiye wa kuziba matundu. Na nikwambie jambo moja: usiamini namba iliyo mkiani. Kila mmiliki mpya hupaka rangi yake na kuandika namba yake, ile ya zamani ikabaki chini. Ndiyo maana sisi hutembea na msasa. Tunasugua pole pole, rangi moja baada ya nyingine, huku tunaandika.

Ndege iliyonitoa Nairobi ilikuwa Rejaf, nje kidogo ya Juba, imelala kwa tumbo katikati ya mtama wa Mama Poni. Huyu mama aliishi ukimbizini Uganda miaka mingi, na aliporudi kwao aliikuta shambani. Majirani walimwambia tu kwamba ilikuwa ya mizigo, ilishindwa kufika uwanja wa ndege wa Juba, na waliokuwemo walitoka wazima wakaenda zao. Basi yeye akafunga mbuzi chini ya bawa, maisha yakaendelea.

Aliniruhusu nifanye kazi, lakini kwa sharti. Mumewe, Wani, alikuwa fundi wa ndege jeshini. Kabla Mama Poni hajakimbilia Uganda, Wani alipanda ndege moja kwenda kaskazini, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia, yeye wala ndege. Wakwe walisema amepata mwanamke mwingine huko. Alichomwachia mkewe ni namba ya ile ndege, ameiandika ndani ya Biblia yake, ili akienda uwanjani ajue cha kuulizia. Mama Poni aliulizia mpaka akakimbia nchi. Aliporudi, akaanza tena. Walinzi wa uwanja walimzoea, wakimwona kwa mbali wanatikisa kichwa.

"Wewe iko na kazi ya kutafuta ndege," aliniambia. "Tafuta hii pia, jena tai. Mimi nataka kujua kama mimi ni mjane ama ni mwanamke ya kuachwa. Basi."

Jena tai, yaani mwanangu, ndivyo alivyoniita, nami nikanakili namba yake nyuma ya daftari. Nikasahau, nakiri. Nilikuwa na tundu langu la kuhangaikia: miaka kadhaa kati ya karatasi za mwisho za jeshi na karatasi za kwanza za kampuni ya mizigo. Unajua nilifanya nini? Niliandika "ilikaa bila kutumika". Huo ndio uvivu wetu sisi watu wa makaratasi. Tusipojua ndege ilikuwa wapi, tunasema ilikuwa imelala.

Siku ya tatu Mama Poni alikwenda kwenye maombi ya msiba wa jamaa yake, mtaa wa Juba Na Bari mjini. Nikabaki peke yangu. Saa saba mchana jua lilikuwa la utosi, nami nimekaa mlangoni mwa ndege, miguu inaning'inia, njiwa wanaguna humo ndani. Mara mbuzi wote wakatoka chini ya bawa. Wakasimama juani, kimya, wakiangalia mlango. Hewa ikawa baridi, kama umefungua mtungi.

Kando yangu alikuwa ameketi mwanamume mwenye ovaroli iliyopauka, mikono ameikunja, ananukia oili mpya. Niamini, sikushtuka. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilimsalimu kama mtu niliyekuwa namngoja.

"Umeandika uongo," alisema, macho kwenye daftari. "Ndege hii hapana lala. Ilifanya kazi mpaka ikachoka."

"Wewe ni nani, kaka?"

"Fundi yake." Akagusa ubavu wa ndege, kando ya mlango. "Sugua hapa."

Nikasugua. Rangi ya kijani ikatoka, ikaja kijivu. Chini ya kijivu, nyeupe. Vumbi la rangi lilielea mbele yetu wala halikuanguka.

"Nipe penseli kidogo," akasema. "Fundi akifunga bati lazima aandike. Mimi sikumaliza."

Nilimpa ile yenye ganda jekundu niliyonunua asubuhi mjini, mtaa wa Hai Jalaba. Akainuka, akaelekea mkiani kwa ndani. Nilisikia penseli ikikwaruza bati, taratibu, sauti ya kuleta usingizi, na sijui ilichukua dakika au saa. Kisha joto likarudi kwa mpigo mmoja, na mbuzi wakarejea kivulini.

Niliingia ndani. Hapakuwa na mtu. Ndege ile ina mlango mmoja, na mlangoni nilikuwa mimi. Nikarudi pale nilipokuwa nasugua. Juu ya rangi nyeupe kulikuwa na namba nyeusi, kamili. Nikafungua daftari nyuma. Ilikuwa ile ile ya kwenye Biblia.

Mama Poni aliporudi nilimwonyesha. Tukaenda mkiani, kule sauti ya penseli ilikotoka, kwenye bati moja lililofungwa kwa skrubu zilizoshikana kutu. Nilivunja bisibisi mbili kulifungua. Nyuma yake kulikuwa na viota vya nyigu, vumbi la miaka, na penseli yangu nyekundu.

Kwenye chuma jina la Wani lilikuwa limeandikwa zamani, limefifia. Chini yake, kwa mkono ule ule, maneno mawili meusi yasiyo na chembe ya vumbi: *Ana raja*. Kwa Kiarabu cha Juba, nimerudi.

"Mimi nafunga mbuzi hapa," Mama Poni alisema pole pole. "Naenda uwanja, nauliza. Na yeye iko nyumbani." Akaweka kiganja juu ya jina. "Mtu iko hai anagonga mlango, jena tai. Huyu hapana gonga. Sasa mimi italia yeye."

Akalia. Nami nililia, sioni aibu kusema.

Maombi ya msiba wa Wani yalifanyika chini ya bawa. Wakwe waliosema Mama Poni ameachwa walikaa mbele, wanatazama vidole vya miguu yao. Ndege haikuuzwa, Mama Poni alikataa katakata, na mteja wangu hajapokea simu yangu tena. Kwenye faili nilifuta "ilikaa bila kutumika", nikaandika jina la Wani.

Penseli ninayo, kwenye droo yangu Nairobi. Sijawahi kuichonga wala kuiandikia. Lakini kila nikifungua droo naikuta fupi zaidi, na sasa haizidi kidole changu cha mwisho. Wani anaandika wapi sasa? Sijui.

Kwa hiyo wewe, ukikuta ndege kuukuu nyasini, usiandike haraka kwamba haina mwenyewe. Kaa mlangoni kwanza, saa saba mchana, ungoje. Na ukiombwa penseli, toa, lakini usimfuate aliyeiomba.