Pumzi ya mkaa haimo kwenye mchezo wa mjukuu wangu

Wenye ukurasa, jina langu lificheni, ila umri msifiche: nina miaka sabini na mbili na meno yangu yote. Naishi Izia, hapa Sumbawanga. Shule niliishia darasa la tatu, na haya naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, sikuandikiwa na mtu. Kazi yangu ilikuwa kuchoma mkaa, na mkaa wangu mji huu haukuwa na mpinzani. Haukutoa moshi hata kidogo.

Mjukuu wangu, binti aliyemaliza kidato cha sita, ana mchezo kwenye simu. Unamwaga mchanga, maji, moto, vinadondoka na kuungua kama vya kweli, na kuna vijitu vinatembea. Akaniambia wenye mchezo wanapokea mawazo ya kitu kipya cha kuongeza. Nikamwambia, "Andika: pumzi ya mkaa."

Akacheka. "Babu, moshi upo tayari."

"Si moshi. Moshi unaonekana. Hii inatoka kwenye mkaa mwekundu, haina rangi, haina harufu. Ukifunga nyumba inakaa, ukifungua inatoka. Mtu ikimpata hapigi kelele, analala tu."

"Kwa hiyo babu leo unawafundisha wazungu?"

"Hao wamechoma mkaa wapi? Andika, bibi wewe."

Akaandika kwa Kiingereza. Siku ya tatu likaja jibu: wazo zuri, lakini kama kitu hakionekani, mchezaji atajuaje kwamba kipo? Mjukuu akanigeukia. "Hata mimi nauliza. Wewe babu ulijuaje?"

Nikasema nilisikia redioni. Uongo.

Miaka sita iliyopita, mwezi wa saba, na baridi yetu mnaijua, mke wangu alikuwa na homa. Mchana niliingiza jiko chumbani, nikafunga dirisha, chini ya mlango nikaziba kwa gunia. Akasema, "Mzee, acha wazi kidogo." Nikamjibu, "Huu ni mkaa wangu mimi, si wa hao wababaishaji." Nikaenda zangu kilabuni. Narudi jua halijazama, amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Nikadhani kasinzia.

Msibani watu wakauliza alikula nini. Asubuhi ile mdogo wake alimletea uji wa ulezi. Nikasema, "Uulizeni huo uji." Basi, sikuongeza. Mnajua kwetu neno kama hilo linavyotembea. Hawakumpiga, ila hakuna aliyekula tena mkononi mwake, hata wenzake wa jumuiya ya kanisani waliacha kwenda kusali kwake. Akahamia Kasanga, anauza dagaa.

Baadaye jirani akathubutu kuniambia kilichoua ni jiko. Nikataka kumuumbua. Nikafungia kuku wawili chumba kile kile, jiko lile lile, gunia lile lile. Nilipofungua walikuwa wamelala, hakuna hata unyoya uliodondoka. Nikawafukia, jirani nikamwambia wametoka wazima.

Tangu siku hiyo sijachoma mkaa. Dirisha la chumba ninacholala nimeliacha wazi, hata mwezi wa saba. Mjukuu akiacha simu, najenga kanyumba, naweka moto ndani, naziba. Kale kajitu kanatembea, kanagonga ukuta, kanageuka, kanatembea tena. Hakalali. Nakaangalia mpaka machozi yananitoka, nasema ni mwanga wa simu.

Sasa Jumamosi binti anashuka Kasanga kumwona huyo bibi yake mdogo, maana nasikia macho yameanza kumwacha. Kaniuliza, "Babu, nimpelekee salamu gani?" Mimi tangu nizaliwe sijamwomba mtu msamaha. Nikisema, watoto wangu watajua nani alimuua mama yao. Nikinyamaza, yule mama atazikwa na jina la mchawi, na jina hilo nimempa mimi.

Msiniambie nisali, nasali. Niambieni nimtume binti, au nipande gari niende naye? Na nikisimama mlangoni pa yule mama, asiponiona vizuri akauliza, "Nani huyo?", nianze na neno gani?